Nilimpiga Vita Mama Yangu Kutoka Mimbarini

Nilikosa, nakubali mbele ya kila anayesoma hapa. Mimi ni mwinjilisti, na kwa mdomo wangu niliwatenga majirani na mama aliyenizaa.

Wakulima kadhaa wa kijiji chetu cha Kanyangi, mama akiwemo, walikataa kupeleka kanisani fungu la kumi la ndengu, yaani choroko. Mvua ilikuwa haba, wakasema kwanza watoto wapate chakula. Jumapili hiyo pasta akanipa mimbari, na mimi na kiherehere changu nikatoa hadithi niliyoisoma chuo cha Biblia. Zamani kule Ujerumani, wakulima huru walikataa kumlipa askofu zaka. Akawaita wazushi, Papa akabariki vita, wakachinjwa na wanajeshi waliovaa misalaba. Nikamalizia, "Mungu hachezewi." Watu wakaitikia amina.

Yaani nilisimama upande wa wachinjaji na nikajiona nimehubiri!

Huku kwetu ndengu huvunwa kwa mwethya: leo majirani wote wanaingia shamba la huyu, kesho la yule. Baada ya mahubiri yangu hakuna aliyekanyaga kwa mama. Na ndengu ikishakauka haingoji mtu, maganda yanapasuka yenyewe. Nilimkuta amepiga magoti, anaokota punje mchangani.

"Mama, wacha nikusaidie."

"Si ulisema sisi ni maadui wa Mungu? Enda kwanza uulize pasta kama amekuruhusu."

Niliona haya mpaka nikakosa pa kutazama. Lakini kwa pasta sikwenda. Niliinama nikaokota naye, ingawa sehemu kubwa ilikuwa imeshaliwa na kanga wa porini.

Jumapili iliyofuata nilisimama bila kuitwa. Nikawaambia waumini kwamba wale wakulima wa Ujerumani walikuwa na haki, na wetu pia wana haki.

"Brother, keti chini," pasta akasema. "Hiyo ni rebellion unaleta kwa nyumba ya Mungu."

"Siketi, pasta."

Nikasimamishwa huduma siku hiyo hiyo. Sawa tu. Wakiniita mwasi naitika. Kinachoniuma ni kwamba mama analala na njaa iliyotoka kinywani mwangu, na kuomba kwangu msamaha hakujazi sufuria.

Wewe unayesoma, ukiambiwa umnyime jirani mwethya kwa jina la Mungu, kataa. Ingia shambani kwake uvune. Na kama anayekukataza ni mimi, nipite tu uende.