Sehemu ya Tatu

Hata leo nikisikia harufu ya petroli na vumbi la mabati yenye joto, narudi Genkuru, kwenye banda la video la Mzee Shabani. Matundu ya banda lile yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Sisi watoto tulikaa chini, mbele kabisa, shingo juu kama vifaranga wanaokunywa maji. Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyefuata dhahabu akaishia kuonyesha video, alisimama kando ya televisheni akitufasiria Kiingereza ambacho, nilikuja kujua baadaye, hakukijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Picha tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa na sehemu tatu: watu wamejificha chini ya ardhi, na mashine walizounda wenyewe zinawasaka ziwamalize. Mbili za kwanza tulizikariri. Ya mwisho ilichelewa sana, nami niliisubiri kwa hofu, maana nyuma ya vilima vyetu kulikuwa na mgodi mkubwa, na makatapila yake yalinguruma vilevile.

Aliyenituliza ni Masanja, kijana wa Shinyanga aliyechimba dhahabu na baba yangu kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Alikula kwetu, na mama alimwita shemeji.

"Usiogope, Boke," aliniambia. "Steringi hafi. Akifa, picha itaendelea na nani?"

Siku sehemu ya tatu ilipofika, nililia tangu asubuhi. Mtoto wa kike hakuruhusiwa bandani bila mtu mzima, na baba alisema hana nafasi. Nikakataa uji. Nikaishika suruali yake mpaka akashindwa kutembea. Mwishowe akajinasua, akatoka. Aliporudi alisema tu, "Haya, twende."

Katikati ya picha, mashine zilipotoboa paa la mji wa watu, ardhi ilitetemeka chini yetu. Tukapiga makofi. Mzee Shabani alijisifu kwamba spika ni mpya.

Kisha gunia la mlangoni likafunuliwa. Mtu mweupe kwa vumbi alisimama pale, akatafuta uso wa baba gizani.

"Marwa, duara lenu limeporomoka. Masanja yuko ndani."

Baba aliruka vichwa vyetu. Wanaume wote walimfuata, na Mzee Shabani naye, kanzu ameishika mkononi. Hakuna aliyekumbuka kuzima jenereta. Tukabaki watoto peke yetu, tukaitazama picha mpaka mwisho bila mfasiri. Steringi alikufa. Nilirudi nyumbani nikilia kwa kwikwi, nikamkuta mama ameketi chini uani.

"Amekufa," nikamwambia.

Mama akanivuta kifuani, akaanza kulia naye. Mimi nilikuwa ninamlilia mtu wa kwenye televisheni.

Walichimba siku mbili kwa majembe na mikono. Baba alirudi kucha zimeng'oka. Siku ya tatu likaja katapila kutoka mgodini. Dereva wake alilipeleka polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayelalia, na haikufika saa moja wakamwona Masanja. Baba alimshika dereva mkono, akamshukuru. Wazee wa kwao Shinyanga walikuja kuuchukua mwili wa Masanja kwa lori.

Tangu hapo baba hakuingia tena shimoni. Tulihamia Nyanungu, akachunga ng'ombe wa babu. Watu walisema Marwa ameogopa, na kwetu Wakurya neno hilo si dogo kwa mwanamume. Shuleni wenzangu waliponicheka niliwaambia baba yangu ana ugonjwa wa mguu. Jioni moja nilimtupia yeye mwenyewe neno hilo, mwoga, nikiwa binti wa miaka kumi na sita mwenye hasira. Aliniangalia kidogo, kisha akaenda kufunga zizi.

Baada ya kumzika baba, mama aliniita jikoni.

"Zamu ya siku ile ilikuwa ya baba yako," alisema. "Alimwomba Masanja amshikie, kwa sababu ulikuwa unalia. Alinikataza kukwambia akiwa hai. Alisema mtoto hawezi kubeba maiti."

Miaka yote ile nilimwonea baba aibu. Naye aliniacha nimwonee, ili nisije nikauliza zamu ile ilikuwa ya nani.