Nilisema "chumba changu", nikajikuta mwenye mali bila kununua hata tofali

Habari za huko wakuu. Leo na mimi nimeamua kufungua uzi. Haya ninayosimulia yamenitokea mwenyewe, hapa Kigali, na wahusika wote wapo hai. Atakayeona nimeongeza chumvi, anitumie PM nimwelekeze nyumba ilipo.

Kwa wasionijua: mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Ngara, Tanzania, shule niliishia form two. Sasa hivi nashona nguo mtaa wa Biryogo. Naishi chumba cha nyuma kwa Mama Shamimu, mjane mmoja mcheshi sana, mteremko tu kutoka kwenye cherehani yangu.

Nina ndoto ya kujenga. Vitambaa vinavyobaki nachora juu yake ramani ya nyumba kwa chaki ya kukatia. Sebule, veranda, mpaka banda la kuku. Wateja wananicheka, nami nacheka nao.

Basi, barabara ya chini ikawa inataka kupanuliwa. Asubuhi moja tukakuta ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: TOWA. Ndiyo, ni "toa" yetu ya Kiswahili, ila huku ina W. Maana yake nyumba itaondolewa.

Mama Shamimu hakulia. Sheria inasema mwenye mali alipwe kwanza ndipo ahame, na yeye hati ya kiwanja anayo. Wasiwasi wake ulikuwa kile chumba changu. Alikijenga mwenyewe baada ya mumewe kufariki, matofali ya udongo akibeba kichwani, na kwenye ile hati hakionekani. Kodi ya chumba hicho ndiyo inayomlisha. Kisipohesabiwa, atakapohamia hataweza kujenga kingine.

Siku wathamini wa kukadiria fidia walipokuja, yeye alikuwa msikitini, swala ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni napiga mswaki. Msishangae, ilikuwa siku yangu ya kupumzika.

Mmoja akaniuliza, "Kijana, hii chumba iko ya nani?"

"Changu," nikajibu.

"Iko yako kabisa?"

"Kabisa bosi."

Akaomba kitambulisho, nikampa. Nikadhani wanaandika wakazi. Wakapima, wakaondoka.

Wakuu, mtu wa Dar akisema "basi langu limeniacha", kuna anayedhani basi ni lake? Mimi nilisema hivyo hivyo.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tulipomaliza kufyeka, ukafuata mkutano kama kawaida. Mkuu wa umudugudu, yaani mwenyekiti wetu wa mtaa, akatangaza: "Wenye mali simameni upande huu, wapangaji upande ule."

Nikaenda kwa wapangaji, nikasimama na rafiki yangu Kazungu, kinyozi.

Mwenyekiti akaniita. "Wewe Fundi, unafanya nini huko? Wewe uko mwenye mali. Chumba ya nyuma kwa Mama Shamimu, ulisema iko yako."

Watu wakapiga makofi. Kazungu akanisukuma mgongoni. "Nenda! Mungu amekukumbuka, wewe bado unaganda hapa?"

Mama Shamimu alikuwa upande wa pili, jembe mkononi. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Kumbe nina jirani," akasema, "na hajawahi hata kuniomba chumvi."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Nikasimama katikati. Nitawaambia ukweli kama nilivyoahidi: kwa muda ule mfupi, akilini nilishaweka dirisha la kioo kwenye chumba kile, nikapaka na rangi ya kijani. Raha ya kuitwa mwenye mali mbele za watu ni kubwa, msiombe.

"Sasa iko yako ama si yako?" mwenyekiti akauliza.

"Si changu. Nalala humo tu. Ni cha Mama."

"Mjinga huyu!" Kazungu akasema kwa sauti. Tulikuwa tumekubaliana kula brosheti, mishikaki ya huku, jioni, akaahirisha.

Nilidhani yameisha. Lakini Mama akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Walipokuja, waliuliza nani?"

"Walikuta huyu kijana kwa mlango."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hawakujua, Mama."

"Nilikuwa msikitini hapo juu, sauti ya imamu inafika mpaka jikoni kwangu. Wangengoja nitoe salamu, nivae viatu, nishuke. Chumba nimekijenga mimi. Wamemwona mwanaume mlangoni, wakaona jibu wameshapata."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema atawapigia warudi.

Walirudi kweli. Safari hii Mama aliwapokea mwenyewe getini, kitenge kipya, akatembea mbele yao. Hili jiko, langu. Choo, changu. Mparachichi nimeupanda mimi, andika. Chumba cha nyuma, changu, gusa ukuta uone ulivyo imara. Yule mthamini alikuwa anaandika jasho likimtoka, lakini alikuwa na adabu.

Mwishoni akaniona uani napiga pasi, akatania, "Na huyu kijana iko ya nani?"

"Huyo ni wangu," Mama akasema. "Ila huyo msimwandike."

Hapo nikaunguza suruali ya mteja.

Malipo bado tunangoja. Mama ameanza kuulizia viwanja pembeni ya mji, na anasema lazima kiwe na nafasi ya chumba nyuma.

Nilichojifunza: redioni wakisema kumiliki mali ni haki ya binadamu, nilikuwa nadhani wanaongea na watu wa Kiyovu wenye mageti ya umeme. Sasa naona haki hiyo inaanza na kitu kidogo, kwamba wewe mwenyewe uulizwe. Hati ni muhimu, lakini kama wanamuuliza mpangaji mwenye mswaki mdomoni, hati itakaa kabatini tu.

Nawaachia uwanja wakuu. Wapangaji mlioko humu, mkiulizwa hapo mnapoishi ni pa nani, huwa mnajibuje? Na akina mama wenye nyumba, mmewahi kurukwa namna hii? Karibuni. Matusi ya Kazungu yananitosha, nyie njooni na mengine.