Nilimwombea mjomba moto, sasa anataka nimbatize

Wasomaji wenzangu, nimeomba jina langu lifichwe, maana huku milimani Uluguru tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mjane, umri wangu yapata miaka thelathini, Mkristo wa misheni. Sina mtoto. Mume nilikuwa naye, mjomba akamtoa.

Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, na mwanamume anayeoa huja kukaa kwenye shamba la mkewe. Mume wangu alitoka Turiani, akalima kwetu vizuri, ila alikataa kuchangia pombe ya tambiko kwa kuwa alikuwa amebatizwa. Mjomba hakumdai tena, nikadhani yamekwisha. Akida wa serikali ya Mdachi, yaani Mjerumani, alipokuja kutafuta wapagazi wa mizigo, kila ukoo ulitakiwa kutoa mtu. Mjomba aliwapita wapwa zake wote wenye mabega, akamnyooshea kidole mume wangu.

"Mchukueni huyu. Si wa ukoo wetu, alikuja kuoa tu."

Wapagazi wenzake walirudi bila yeye. Walisema homa ilimshika njiani, mzigo wake ukagawanywa, yeye akaachwa chini ya kichaka akiwa bado anapumua.

Padre alikuwa ametuhubiria habari za mjane aliyemsumbua kadhi mpaka akapewa haki yake. Nikasema mjane huyo ni mimi. Nikawa nasali rozari kila alfajiri kabla ya kushika jembe, na ombi langu lilikuwa moja tu, mjomba aingie motoni. Alikuwa akinipita na kunicheka: "Hujachoka tu? Mungu wako mzito wa masikio." Sikuchoka. Miaka imepita na sikuacha hata nilipoumwa.

Msimu huu amevimba miguu, tumbo limejaa maji, chakula hakipiti. Nilifurahi, siwafichi. Ndipo akaniita.

"Mwanangu, huyo Mungu uliyemsumbua kwa ajili yangu, nimeona kweli anasikia. Nibatize."

Padre yuko bondeni na hatapanda mpaka mvua zikatike. Mwenyewe alitufundisha kwamba mtu akiwa kufani, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, na aliyebatizwa hufutiwa dhambi zote, na adhabu yake pia. Kijijini hapa Mkristo ni mimi peke yangu. Yaani damu ya mume wangu niioshe kwa mkono wangu.

Nilimwambia ajifunze kwanza. Kila jioni nakwenda kumfundisha amri za Mungu, na tukifika ya tano hatuendi mbele. "Usiue," nasema. "Usiue," anajibu. Namrudisha tena, mpaka pumzi inamwishia. Mama yangu, ambaye ni dada yake, amenigundua.

"Unamchelewesha makusudi. Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja."

"Na yule alikuwa mume wangu, mama."

Jana mjomba aliniuliza kama akibatizwa atamkuta mume wangu huko. Nikasema ndiyo, nikitaka aogope. Akasema, "Basi nipeleke upesi. Nataka nimwombe radhi mwenyewe."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Mimi niliyesali miaka yote hii sijamwona mume wangu, halafu muuaji wake atangulie kumwona, na mwenye kumfungulia mlango niwe mimi?

Asubuhi hii hawezi tena kuinua kichwa. Nishaurini, ndugu zangu. Nimmiminie maji, au nimwache afe mkavu?