Kiganja Kwenye Boneti

Mtaani kwetu Sidi Bishr, Inshirah alijulikana kwa harufu ya mafuta ya taa. Wenzake walinukia kitunguu na bizari, yeye alinukia gereji, na wala hakujua kuendesha gari. Gari lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mumewe Rifaat, fundi wa marumaru aliyeondoka kwenda Riyadh binti yao Sabah akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na sasa Sabah ana mume na watoto huko Tanta. Kila kiangazi Rifaat alikuja, akakaa siku chache, akaondoka. Gari lilibaki bandani chini ya jengo letu, Pejo ya samawati, na kazi aliyomwachia mkewe ilikuwa moja: lisiliwe na kutu.

"Nitunzie gari tu," alimwambia siku ya kwanza kuondoka. "Siku nikirudi moja kwa moja, nakukalisha kiti cha mbele, twende ufukweni Marsa Matruh, mimi na wewe, madirisha wazi."

Kwa ahadi hiyo Inshirah aliishi. Wengine huishi kwa kidogo kuliko hicho, lakini mimi nasema hicho nacho kilikuwa kidogo mno.

Anayekaa jengo la pili kutoka barabara ya bahari hahitaji kuelezwa kutu ni nini. Hewa yetu inakula nondo za madirisha, inakula bawaba, inakula hata pini za nywele zilizosahauliwa juu ya kabati. Inshirah alipambana nayo kama mtu anayefukuza inzi mezani, bila kuchoka na bila kushukuriwa. Alilaza maboksi sakafuni, akaingia chini ya gari na gauni lake la nyumbani, akapaka oili chafu uvunguni kote. Alizibua kwa sindano ya kufumia vile vitundu vya chini ya milango ili maji yasituame ndani. Adhuhuri, upepo ukiwa mkavu, alifungua dirisha la banda. Jua likianza kuinama alilifunga kabla unyevu wa bahari haujaingia.

Adui yake mkubwa alikuwa kwenye boneti. Rifaat alipolileta gari nyumbani kwa mara ya kwanza, alichinja kondoo mbele ya mlango, akachovya kiganja kwenye damu na kukibandika juu ya boneti kuzuia husuda. Hapo hakuna ubaya, sote tunafanya. Lakini watu wenye akili huosha kesho yake. Rifaat alikataa. Alitaka majirani wakione, akakiacha hadi kikabanduka chenyewe, na damu ina chumvi, na chumvi ikaitana na ile ya bahari. Chini ya rangi pakaanza kuvimba, kiganja na vidole vyote. Kila msimu wa baridi Inshirah alipiga msasa, akasugua kwa mafuta ya taa, akapaka rangi upya. Rangi inayolingana sawasawa hakuipata kamwe, kwa hiyo palibaki doa lililokolea kidogo, ambalo ni yeye tu angeliona.

Kulikuwa na jambo la turubai pia. Rifaat alituma kutoka Riyadh turubai la plastiki, linang'aa kama fedha, lina kamba za kukazia chini. Inshirah alilitumia mwanzoni mwa baridi moja. Alipolifunua asubuhi alikuta matone yametanda juu ya bati lote, gari limetoka jasho. Riyadh ni jangwani, huko plastiki inafaa. Kwetu, kufunika gari kwa plastiki ni kulifungia ndani pamoja na mwizi. Akalikunja, akaliweka juu ya rafu. Kisha akatoa shuka mbili za arusi yake, pamba nzuri ya Mahalla iliyofumwa maua pembeni, akaziunga, akalifunika gari kwa hizo. Pamba inapumua. Yeye mwenyewe akalalia shuka za kawaida.

Rifaat alipiga simu kila Ijumaa, na swali lake halikubadilika.

"Umelifunika?"

"Nimelifunika."

"Kwa turubai langu?"

"Kwa turubai lako."

Katika ndoa yote ile, huo ndio uongo pekee wa upande wake. Wa upande wa pili tutaufikia.

Mwaka mmoja Rifaat alisema anarudi moja kwa moja. Muda si mrefu baadaye, Jumatano asubuhi, mdogo wake Galal alibisha hodi. Alikuwa amenyoa, amejimwagia manukato.

"Shemeji, nipe funguo za gari. Kaka anataka fundi alikague breki kabla hajaja."

"Anakuja lini hasa?"

"Si mwisho wa mwezi? Wewe kesho si unakwenda kwa dada yako Damanhur, kama kila Alhamisi?"

"Nakwenda."

"Nenda basi, pumzika. Ijumaa utalikuta mahali pake."

"Na fundi gani huyo anayeendewa na manukato yote haya?"

"Ah, shemeji nawe. Mtu asioge?"

Inshirah alicheka. Alikuwa na furaha, jamani, na mwenye furaha hahoji sana. Akampa funguo, akampa na kitambaa cha pamba. "Usilipitishe barabara ya bahari, mawimbi yanaruka ukuta. Ukilipitisha, lipanguse papo hapo. Usiniletee chumvi."

Alhamisi hakwenda Damanhur. Alimjua Galal: angelirudisha gari limelowa na kuliacha hivyo hivyo. Bora awepo. Ndivyo alivyokosa safari kwa ajili ya gari, na kama asingekuwa mwaminifu kiasi hicho asingeyaona aliyoyaona.

Alasiri ile alikuwa barazani juu, ghorofa ya pili, anamenya njegere na jirani yake Bi Tahia. Kutoka upande wa bahari zikaja honi, ule mdundo wa arusi ambao hata mtoto mchanga wa hapa anaujua. Kwetu arusi ikipita huulizi ni ya nani. Unasimama, unapiga vigelegele, kwa sababu na wako walipigiwa na watu usiowajua. Na mtaa mzima hapakuwa na mwenye vigelegele kama Inshirah. Wanawake wa majengo mengine walikuwa wakinyamaza ili wamsikie.

"Haya, Mama Sabah," alisema Bi Tahia, "watoe jasho."

Inshirah akaweka bakuli chini, akasimama, akaweka mkono mdomoni, akaviachia. Zikapita pikipiki, ikapita teksi, likaja gari la maharusi, limevikwa waridi na riboni, na kitambaa cheupe chepesi kimetandazwa juu ya boneti. Upepo wa bahari ukakiinua. Chini yake palikuwa na rangi ya samawati, na juu ya samawati lile doa.

Alilijua kuliko uso wa binti yake. Ila mdomo huchelewa kupata habari, vigelegele vikaendelea kutoka huku macho yakishuka kwenye kioo. Galal alikuwa kwenye usukani. Nyuma alikaa msichana wa gauni jeupe, na kando yake Rifaat, ambaye kwa simu alikuwa Riyadh, amepaka nywele rangi nyeusi, amevaa suti, anacheka na kupungia watu barazani bila kuangalia ni watu gani.

"Mbona umekata?" aliuliza Bi Tahia. "Bibi arusi atasema tumemwonea choyo."

"Koo limekauka."

"Nikuletee maji?"

"Kaa, Tahia. Tumalize njegere."

Wakamaliza njegere. Kilichomkata maini Inshirah kilikuwa zaidi ya ndoa. Wanaume huoa, na hakuna aliyemwambia wake hawezi. Lakini lile gari liling'aa kwa mikono yake. Vidole vyake ndivyo vilivyochubuka kwa msasa ili mwanamke mwingine apandishwe gari aliloahidiwa yeye, na midomo yake ndiyo iliyowashangilia. Alijiona amefanywa kitambaa: kimepangusa, kimetupwa. Akatamani angeweza kuvirudisha vile vigelegele kooni, kimoja kimoja.

Ijumaa asubuhi Galal alilirudisha gari bandani, akamkuta shemeji yake mlangoni.

"Kumbe hukwenda Damanhur?"

"Sikwenda. Breki zikoje?"

"Nzuri. Zote nzuri."

"Na fundi mzima? Hajambo na mkewe?"

Galal alitazama funguo, akatazama viatu vyake. "Shemeji, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Nilikutuma na mimi, nikakupa na kitambaa. Kiko wapi?"

Hakujua kilipo. Gari lilikuwa limelowa kuanzia tairi hadi paa, chumvi imeanza kuganda kwenye vioo, na gundi ya riboni imeshika milangoni. Petali moja ya waridi ilinasa kwenye kifuta kioo.

Adhuhuri simu ikalia, kama kila Ijumaa.

"Mama Sabah, huku joto, usiseme. Tunaungua."

"Pole." Nyuma ya sauti yake Inshirah alimsikia muuza freska akinadi biskuti zake za asali ufukweni. Riyadh haina ufukwe.

"Galal kalirudisha gari?"

"Kalirudisha."

"Likaushe vizuri basi. Nasikia bahari imechafuka huko. Na ulifunike kwa turubai langu."

Hapo ndipo moyo wake ulipofunga mlango. Hata haya hana, aliwaza. Ameoa kwa gari nililolitunza, na maji ya arusi yake anataka niyapanguse mimi.

"Nitalifunika kwa turubai lako," alisema, na safari hii ilikuwa kweli.

"Mungu akuweke."

"Rifaat."

"Naam?"

"Vile vigelegele vya jana, vya ghorofa ya pili. Vilikuwa vyangu. Hongera."

Muuza freska alinadi tena, kisha simu ikakatika.

Inshirah alishuka bandani. Hakugusa kitambaa. Alizikusanya shuka zake, akalivuta turubai la Riyadh kutoka rafuni, akalitandaza juu ya gari lililolowa na kuzikaza kamba hadi chini, kama maelekezo yalivyosema. Dirisha la banda akalifunga na kulizibia kwa gunia. Kisha akapanda juu, akazifua zile shuka na kuzianika barazani, maua yakitazama barabara.

Rifaat hakuthubutu kuja. Alimchukua bibi arusi wake wakaenda Riyadh, na Galal alipouliza habari za gari, alimjibu, "Liache pale pale. Hakuna anayejua kulitunza kama yeye." Nasikia aliyasema hayo bila mzaha. Mtu anaweza kukusaliti na bado akakutegemea, na sijui kati ya hayo mawili lipi ni tusi kubwa zaidi.

Baridi ile ilikuwa na tufani nyingi. Baridi ilipokwisha, mke mpya akaja kuwasalimu wazazi wake, akataka gari, Galal akatumwa tena. Inshirah alimpa funguo, akashuka naye, akasimama mlangoni amekunja mikono. Galal alifungua kamba na kulivuta turubai. Maji yakamwagika kutoka kwenye mikunjo yake yakamlowesha suruali, na harufu ya chuma kibichi ikajaa banda. Alishika mkono wa mlango. Kona ya chini ikamegeka na kudondoka.

Lakini alichokitazama ni boneti. Rangi ya viraka ilikuwa imefumuka yote, na pale katikati kiganja cha kaka yake kilikuwa kimerudi, vidole vyote vitano, chekundu kama siku ya kondoo.

"Shemeji," alisema taratibu, "nimwambie nini?"

"Mwambie nimelifunika kwa turubai lake. Na mwambie mkono wake uko pale pale alipouacha."