Mkato Mdogo Chini ya Alama

Mke wangu aliitwa Koki. Hapa Kaloleni walimjua kama Mama Mativo, au mama wa visu. Visu nilitengeneza mimi. Jina walimpa yeye, na ilikuwa haki.

Alizaliwa Kitui, upande wa Mutomo, kwenye nyumba ya wachora vibuyu. Nyanya yake alimfundisha kuzungusha kibuyu, si kuzungusha mkono. "Mkono utulie, kazi ndiyo itembee." Hilo alilisema hadi mwisho. Nilipomleta Nairobi alikuja na vibuyu viwili, na patasi moja nyembamba kama kalamu, yenye mpini wa mpingo.

Mimi kazi yangu ni visu vya kukunja. Tupa iliyokwisha meno naipasha kwenye makaa, naipiga, naisugua, halafu naizamisha kwenye mafuta iwe ngumu. Springi naitoa kwenye msumeno mkuukuu. Mpini ni mfupa wa paja la ng'ombe kutoka soko la nyama la Burma, umechemshwa na majivu mpaka ukawa mweupe. Kisu kizuri ukikifunga kinasema tak, mara moja. Kikisema mara mbili, rudi mezani.

Mwaka wa sabini na moja Koki alichukua kimoja, akakigeuzageuza.

"Baba Mativo, hiki kisu ni cha nani?"

"Cha atakayekinunua."

"Basi ni cha mtu asiye na kwao."

Akakaa mlangoni kwenye kigoda, akakichora. Akasugua masizi ya taa na mafuta kidogo kwenye mikato, akafuta. Mchoro ukatoka mweusi, kama umeota humo mfupani. Kiliuzwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo hakuchora kisu bila kumketisha mwenyewe kwanza. Swali lake lilikuwa moja. "Kwenu mlipiga ng'ombe alama gani?" Kwetu Ukambani kila ukoo una alama yake, kwenye ng'ombe, kwenye mshale, kwenye mzinga wa nyuki. Yeye aliona watu wa Nairobi wameacha ng'ombe nyumbani, na alama wakaziacha huko huko. Kisu kinaingia mfukoni. Basi alama nayo ikae mfukoni. Hiyo aliichora upande wa kulia wa mpini. Upande wa kushoto aliweka kitu cha maisha ya mtu.

Karani mmoja wa Buruburu alimjibu, "Mama, sisi hatuna ng'ombe. Tuna redio."

"Ya betri au ya stima?"

"Ya betri."

Akamchorea redio, na betri zake. Karani alicheka mpaka akaketi chini. Lakini alirudi na ndugu zake, kila mmoja anataka chake.

Mwingine alimuuliza kwa nini tunatengeneza vya kukunja tu. Koki akamwambia, "Makali yana kwao pia. Yakimaliza kazi, yarudi nyumbani."

Mwaka wa themanini na nne, ule wa njaa, alikuja Kahin Shire, muuza vitambaa wa Eastleigh. Alitaka kisu cha mama yake, Ambaro.

"Mzee Nyamai, babu yangu alikuwa na ngamia huko Wajir. Kiangazi kiliwamaliza. Alama yao imebaki kichwani mwa mama peke yake, na sasa anaumwa. Nataka aishike kabla..."

Hakumaliza. Koki alikuwa tayari anatafuta viatu. Alikwenda Eastleigh, akakaa na Ambaro asubuhi nzima. Waliyoongea hakunieleza. Alisema tu, "Tumeelewana."

Koki naye alikuwa mgonjwa wakati huo. Kikombe kilimtetemeka mkononi. Hata hivyo aliichora alama. Upande wa kushoto akaanza kisima, na kamba ya kutekea maji ikishuka ndani. Kamba haikufika majini. Tulimzika Mutomo mwezi wa Agosti.

Niliporudi Kaloleni kisu kilikuwa mezani, kimefunikwa na leso yake.

Mimi sikuwa nimewahi kuchora hata mstari. Jirani yangu Njogu anachora majina kwenye vikombe vya washindi wa mpira, kwa mashine, huko mjini. Alikuja kunipa pole, akakishika kisu.

"Mzee, niachie. Mashine itaimaliza hii kamba kabla chai haijapoa."

"Hapana."

"Wakamba nyinyi ni wagumu kama miti mnayochonga."

"Na wewe una kelele kama mashine yako. Weka chini."

Akacheka. Halafu akakielekeza kisu kwenye mwanga. "Lakini ona hapa, mzee. Chini ya alama. Hapa mkono uliteleza."

Niliona. Alama ilikuwa mistari miwili na kiduara. Chini yake kulikuwa na mkato mfupi kama punje ya mchele, umekaa peke yake. Haukuwa wa kitu chochote. Nikakumbuka kikombe kikitetemeka.

Njogu alipoondoka nilichukua tupa laini. Nilisema, hakuna mtu atakayesema Mama Mativo alishindwa na mkono wake mwishoni. Nitausugua uishe.

Tupa ilikuwa imeshagusa mfupa nilipoisimamisha. Kwetu alama ya mtu haikwanguliwi bila mwenyewe. Anayeikwangua kwenye mzinga ni mwizi, hata kama mzinga aliuchonga yeye. Huu mzinga niliuchonga mimi. Alama ilikuwa ya Ambaro.

Nikavaa koti, nikaenda Eastleigh kwa miguu.

Ambaro alikuwa ameegemea mto. Kahin akaniletea chai ya iliki. Nikasema nilichokuja kusema. Kazi haijaisha, na upande wa alama kuna mkato ulioteleza. Naomba ruhusa niusugue.

"Sugua tu, mzee," Kahin alisema. "Hata mimi huo siujui."

Mama yake alimkata jicho. Akanyoosha mkono, nikampa kisu. Akapapasa alama kwa kidole gumba, polepole, mpaka akafika kwenye ule mkato. Kidole kikasimama.

"Wewe hapana gusa hii."

"Mama, mkono uliteleza. Alikuwa mgonjwa," nikamwambia.

"Nani sema? Yeye hapana teleza. Yeye uliza mimi hivi: Hii ngamia ya baba yako. Sasa ile yako wewe, iko wapi?"

Akaeleza, Kahin akimsaidia maneno. Alipozaliwa Ambaro, baba yake alimpa ngamia jike mdogo awe wake mwenyewe. Ngamia huyo alipigwa alama ya baba, na chini yake mkato mmoja. Wote waliotoka kwake walikuwa na huo mkato. Hao ndio walikuwa wa Ambaro. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari yao.

"Hooyo, mbona hukuniambia?" Kahin alimwambia mama yake.

"Wewe kazi yako kuongea vitambaa. Yeye uliza."

Nilishika chai yangu. Mkono wa Koki haukuteleza. Kwa kikombe ulitetemeka, kwa mfupa ulitulia.

Nikamwambia Ambaro kamba nitaimaliza mimi.

"Wewe najua?"

"Sijui. Nitajua."

"Haya. Kuja haraka. Mimi hapana ngoja sana."

Nilinunua mifupa ya kujifunzia pale Burma. Nikakaa kwenye kigoda chake, magoti yakanifika kifuani. Patasi iliruka, ikanikata kidole, ikaharibu mfupa mmoja baada ya mwingine. Njogu kila akipita alikuwa akiniuliza kama supu imeiva. Nilikuwa nausukuma mkono, na mkono haukutaka. Halafu siku moja niliutuliza, nikazungusha mfupa. Mstari ukatembea.

Kamba ilifika majini. Mstari wangu ni mnene kuliko wake. Mahali alipoachia na mimi nikashika panaonekana wazi. Sikujaribu kupaficha.

Ambaro alikifungua kisu, akakifunga. Tak. Akageuza upande wa kisima, akafuata kamba kwa kidole.

"Hapa mama," alisema. Kidole kikashuka. "Hapa mzee." Akacheka bila meno. "Kamba ya mzee nene. Sawa. Hapana katika."

Akakiweka chini ya mto wake.

Nyumbani nilichukua ile patasi. Miaka yote Koki aliwachorea watu alama zao, na yeye hakujiwekea kitu. Kwenye mpini wa mpingo nikakata alama ya ukoo wetu. Chini yake nikakata mkato mmoja mdogo. Mpingo ni mweusi, kwa hiyo nilijaza chokaa.

Wiki iliyofuata alikuja dereva wa lori kutoka Donholm. Alisema amesikia mama wa visu amefariki, basi apewe kisu kitupu tu, kisicho na mchoro.

"Vitupu siuzi," nilimwambia. "Keti hapo. Kwenu mlipiga ng'ombe alama gani?"