Dawa ya Minyoo ya Mavro

Mtu aliyekulia zizini huwa na kiburi fulani ambacho hata ubatizo haukiondoi. Marcellin alikuwa nacho tele. Baba yake na babu yake walifuga ng'ombe kwenye vilima vya Djugu, naye alijua kumzalisha ng'ombe kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Mgriki mmoja, mnunuzi wa kahawa pale Bunia, alipomwajiri amtunzie poni wake, farasi wa kimo kifupi mwenye rangi ya masizi aliyeitwa Mavro, Marcellin alimzunguka yule mnyama, akamtazama meno na kwato, akasema moyoni: ng'ombe asiye na pembe, basi.

Dawa ya minyoo Mgriki alimpa Mavro kwa mkono wake mwenyewe. Aliichanganya na pumba na maji ya miwa, akaweka beseni chini, akasubiri mpaka mnyama amalize kwa hiari yake.

"Farasi haiko ngombe, Marcellin," alimwambia. "Kichwa yake inabakia chini."

"Ndiyo, patron," Marcellin aliitika, kisha akaenda kuwachekesha wenzake. Mzungu anamwandalia mnyama meza kama mgeni wa harusi! Kwao, mnyama hakuandaliwa dawa. Alikamatwa, kichwa kikainuliwa juu, chupa ikaingizwa pembeni mwa mdomo, akamiminiwa. Akikohoa, akohoe.

Vita vya kikabila vilipoanza kupamba moto, Mgriki alipanda ndege akaenda zake, na Mavro akabaki na Marcellin. Wakati huo nyumba yake ya mtaa wa Nyakasanza ilikuwa na watu watatu tu. Mke wake alikuwa amefariki akimzaa binti yao, Abigaël, ambaye sasa alikuwa mtoto wa kukimbiakimbia uani. Na mama yake, Léontine, alikuwa amefika kutoka Djugu akibebwa kwenye machela. Alikuwa ameanguka bondeni akikimbia wenye mapanga, nyonga ikavunjika, ikajiunga vibaya. Tangu hapo mwanamke yule, ambaye zamani alibeba mzigo wa mihogo kilima kwa kilima akiimba, alijikokota kwa makalio juu ya ngozi ya mbuzi. Mwanawe alipomwona hivyo, alitoka nje kulia.

Halafu ikajulikana kwamba wanajeshi wa Uganda, waliokuwa wakiwazuia wenye mapanga, wanaondoka mjini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa nini kingefuata. Watu wa mtaa walianza kufunga mizigo waende Beni, safari ndefu ya miguu kupitia Komanda. Baiskeli zilikuwa zimeporwa zote. Mwenye miguu angeenda. Asiye na miguu, Mungu amhurumie. Ila Léontine alikuwa na Mavro. Marcellin alimshonea godoro la magunia na majani makavu ili akae juu ya mgongo wa poni kama malkia, nyonga isiumie.

"Na mimi nitapanda farasi!" mama alicheka, akifunika mdomo. "Babako angeona hivi, angekufa mara ya pili."

Lakini Mavro mwenyewe alikuwa hoi. Alikula sana, akazidi kukonda. Tumbo lilimvimba kama ngoma huku mbavu zikihesabika, manyoya yakasimama bila mng'ao, na alijisugua mkia ukutani mpaka ukanyonyoka. Kwenye mavi yake Marcellin aliona minyoo myeupe, mirefu kama kalamu. Alipomtwika gunia la mihogo kumjaribu, poni alitetemeka magoti.

Marcellin alizunguka mji mzima akitafuta dawa, akaipata kwa mwuza dawa za mifugo aliyekuwa akifunga duka: chupa ya dawa ya ng'ombe. Pumba haikuwepo, miwa haikuwepo, na muda haukuwepo. Hata vingekuwepo, sijui kama angevitumia. Sikio la kufa halisikii dawa, na kwa siku hiyo sikio lilikuwa la mmoja na kifo cha mwingine.

Alimwita jirani yake, muzee Gustave, katekista aliyekataa katakata kuhama.

"Shika kichwa, muzee. Inua juu. Juu zaidi!"

"Inaogopa, Marcellin."

"Ata ngombe inaogopaka. Shika tu."

Wakamfunga kamba kwenye mti wa mkaratusi, wakakivuta kichwa mpaka macho ya Mavro yakatazama mawingu, na Marcellin akamimina yote. Poni alikoroma, akakohoa, dawa nyingine ikatokea puani. Marcellin alimpigapiga shingoni kwa upendo. "Imeisha, mukubwa. Imeisha."

Na kesho yake, jamani, ilikuwa sherehe. Minyoo ilitoka mafungu mafungu, imekufa yote. Marcellin alimwita mama yake aje mlangoni aone, Abigaël akaziba pua akipiga kelele, na Léontine akapiga vigelegele kwa ajili ya mavi ya farasi. Sijui nyumba nyingine Bunia nzima iliyocheka siku ile. Wakapanga kuondoka pamoja na majirani.

Furaha ile haikudumu. Mavro alianza kupumua kwa shida, mbavu zikienda juu chini. Uchafu wenye harufu mbaya ulimtoka puani. Marcellin aliweka sikio ubavuni akasikia kitu kikitokota ndani, na papo hapo akaelewa. Dawa haikwenda tumboni yote. Nyingine aliimwaga mapafuni, yeye mwenyewe, mwana wa wafugaji, kwa mkono ule ule uliookoa ndama wengi. Aliketi pembeni ya poni, akamwomba msamaha kwa sauti. Mavro alikufa asubuhi ambayo mizigo ilikuwa imeshafungwa.

Marcellin akachukua jembe. Hakutaka mbwa wamle. Alichimba nyuma ya nyumba, kwenye udongo mwekundu uliolainishwa na mvua, akachimba kwa hasira, mpaka shimo likamfika kifuani. Milio ya risasi ikaanza upande wa Mudzipela, na majirani wakawa wanapita mbio barabarani wakimwita.

Alitupa jembe, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Panda ku mugongo yangu, Mama."

"Na mutoto atabebwa na nani?"

"Atatembea."

"Mpaka Beni? Weye iko na wazimu?" Léontine alimshika uso kwa mikono yote miwili. "Beba mutoto. Mimi nitabakia na Gustave. Utarudia na baiskeli, utanitwaa."

"Mama, ni mimi niliua ile farasi."

"Najua. Enda."

Alimbeba Abigaël, akaenda.

Bunduki zilipotulia alimwacha mtoto Beni na majirani, akarudi akisukuma baiskeli ya kuazima aliyoifungia ubao na mto nyuma. Gustave alimwona kutoka mbali, na badala ya kuja kumpokea, alivua kofia.

"Risasi ilipita mu ukuta," alisema. "Alikuwa anakaa tu. Hakuteseka."

"Mulimuweka wapi?"

Gustave alionyesha nyuma ya nyumba kwa kofia. "Wenye njaa walikuja kukata ile farasi, wakaimaliza. Na siye tulibakia wazee tu, bila nguvu ya kuchimba kaburi. Utusamehe, Marcellin. Shimo ya farasi ilikuwa pale."

Marcellin alizunguka nyuma ya nyumba. Alianguka chini akalia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake msibani, na Gustave akamwacha alie. Kisha akaanza kurudishia udongo kwa viganja pale ulipokuwa umetitia. Kaburi lilikuwa refu na pana, nalo mama yake alikuwa mwanamke mdogo. Mwanawe alilichimba mwenyewe, na alilichimba vizuri.