Kabati Nilipaka Mimi, Lawama Nikamwachia Mdogo Wangu

Kosa ni langu peke yangu, msinitafutie sababu. Tangu mume wangu afariki, nilikuwa naishi hapa Machakos mjini na mdogo wangu, Mwende. Nikamfukuza kwa uongo mmoja tu!

Mambo yalianza na kabati za jikoni. Zilikuwa za fomaika, yale mabamba laini yanayojifanya mbao, na zilikuwa zimechakaa hadi naona haya. Jumapili ilikuwa zamu yangu kukaribisha akina mama wa kanisa kwa maombi. Unawajua wale! Jicho moja limefumbwa kwa maombi, la pili linakagua nyumba.

Nikanunua rangi nyeupe ya mafuta. Mwenye duka akanionya, "Mama, fomaika inateleza. Piga msasa kwanza, ama rangi haitashika." Nani alikuwa na muda wa msasa? Jumamosi, Mwende akiwa sokoni, nikapaka mwenyewe, nikafunga milango hata haijakauka vizuri. Jamani, zilipendeza!

Kesho yake wageni wakajaa. Nikamtuma Mwende vikombe. Mlango wa kabati ukakataa kufunguka. Akavuta kwa nguvu, na rangi ikabanduka kama utando wa maziwa, ikamning'inia mkononi. Wakacheka! Mama mmoja akauliza, "Aiii! Na hii ni nani alipaka?"

"Ni huyu," nikasema. "Nilimwambia apige msasa, akakataa kusikia."

 Mwende akajibandua ile rangi vidoleni, akawamiminia wote chai, akaosha vyombo. Asubuhi akarudi kijijini kwetu, Wamunyu.

Nilijiambia atarudi. Wapi! Wakati huo simu za mkono zilikuwa za matajiri, hivyo hata kumpigia sikuweza. Bado nilikuwa napika ugali wa watu wawili, nakula kidogo, namwaga uliobaki. Jioni nawasha redio nisikie tu mtu akiongea. Upweke ulinila, wenzangu! Nilikosa hata wa kugombana naye.

Mwishowe nikamfuata. Alinipa kiti na chai, kwa heshima, kama mgeni. Nikalia, nikaomba msamaha.

"Dada, uliniaibisha mbele ya watu," akasema. "Hapa tuko wawili tu. Enda uwaambie hao."

Sijawaambia hadi leo. Bado wanakuja kuomba kwangu, na wananihurumia kwa kuachwa na mdogo asiye na shukrani. Nami huwa nawaongezea chai.

Wewe unayesoma haya, ukikosea, kiri papo hapo, watu wale wale wakiwa bado wameketi. Ukingoja, mdomo unakuwa mzito kabisa! Nitazame mimi: hata hapa nimelitaja jina la Mwende, langu nimelificha.